Karani wa Shina

Ndugu msomaji, babu yangu ni mwana-CCM. Najua wengine hapo mmeshaanza kukunja uso, na wengine mmeshaanza kupiga makofi, ila naomba nyote mtulie kidogo. Sikuja kumpigia mtu kampeni. Nataka kueleza jambo nililolifanya mwezi Julai mwaka 2020, na siwezi kulieleza bila kumweleza yeye kwanza, maana ndiye aliyeniandikisha barua ya kunishitaki mimi mwenyewe.

Kwetu ni milimani, Same Mashariki, upande ule ambao ukisimama uani asubuhi unaona mashamba ya mpunga ya Ndungu yametandikwa chini kama mkeka, na ng'ambo yake nyika ya Mkomazi inakwenda mpaka macho yachoke. Kata yetu siitaji. Waliokuwepo wataijua wenyewe. Tunalima tangawizi, migomba, mahindi na maharage. Tunakula makande. Na kama watani wetu wanavyosema, Mpare akiibiwa kuku huuza ng'ombe ili aendeshe kesi. Babu utani huo haumchekeshi hata kidogo. Yeye anasema kesi ndiyo njia ya mtu mwenye heshima ya kugombana.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Matokeo yalipotoka yalikuwa ya kuficha chini ya godoro, basi nikabaki nyumbani. Wenzangu walikwenda Dar kuuza kwenye maduka ya watu, mimi nikawa nimeshapata ugonjwa wa kuandika. Nilikuwa na riwaya! Kaunta buku nne, zimejaa wino wa bluu kutoka jalada hadi jalada, habari za msichana aliyetoroka Same akaenda Mombasa. Siku hizi nikiisoma naona haya, lakini wakati ule niliamini kabisa kwamba ikishachapwa tu, nchi nzima itakaa chini kuisoma.

Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka 2017 macho yake yalianza kuingia ukungu, akawa hawezi tena kusoma daftari la shina wala kuandika. Akaniita. "Mke wangu," akasema, kama mababu wote wanavyotutania sisi wajukuu wa kike, "wewe si unasema unajua kuandika? Njoo uandike vitu vya kweli." Toka siku ile nikawa karani. Nilikuwa naandika nani kalipa ada na nani anadaiwa, nani kahamia, nani kafiwa na michango imefika wapi, nani hakutokea kwenye msaragambo wa kufukua mfereji. Na alikuwa na kanuni moja. Tukishafungua daftari la chama, utani unakwisha. Mimi naitwa Ndugu Karani, yeye Ndugu Balozi, na Bibi anayetuletea chai anaitwa Ndugu Mwanachama. Bibi alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika kwenye sahani.

Kadi zake zinakaa kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Iko ya TANU, aliyoichukua mwaka 1960 akiwa kijana wa miaka ishirini, na iko ya CCM ya mwaka 1977. Ya TANU imechakaa, imekuwa laini kama kitambaa. Mwaka 1977, TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari, watu wengi walizitupa za zamani. Yeye hakutupa. "Hutupi cheti cha ubatizo eti kwa sababu umepata cha ndoa," anasema.

Sasa nieleze anachoamini, maana ndicho kilichotugombanisha.

Babu anaamini kwamba kiongozi hutafutwa. Mtu anayekwenda mwenyewe kuchukua fomu, akaita watu wa kumpigia picha akiwa ameishika, huyo kwake hana tofauti na mwanamume anayejisifia mwenyewe kwa wakwe. Ukimwuliza viongozi watapatikanaje basi, atakupeleka mwaka 1965. Hapo jitayarishe kukaa. Mwaka ule, chama kikiwa kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na asiyejua kusoma naye akajua anachokichagua. Walizungushwa pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, wakasimama jukwaa moja. Ilikuwa marufuku kutaja kabila, marufuku kuzungumza lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, na marufuku mtu kutumia fedha zake kujinadi. Na mawaziri walianguka, anakazia Babu, akiinua kidole. Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, aliangushwa kura mwaka ule! "Sasa ninyi mnaojisifia vyama vingi, hebu niambie mmewaangusha mawaziri wangapi?"

Mimi humjibu kwamba hata kama walianguka, aliyewaangusha alikuwa ni TANU mwenzao. Jembe na nyumba vyote ni vya mwenye shamba. Hapo hukasirika, lakini hasira yake ni ya kufurahi. Anapenda mtu anayebishana.

Halafu huja kwenye Azimio la Arusha. Wengi wa umri wangu tulilikariri kwa ajili ya mtihani, mwaka 1967, ujamaa na kujitegemea, basi. Babu anachokumbuka ni masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Anasema yalimnyima hata yeye, balozi wa nyumba kumi asiye na mshahara hata mmoja, ndoto ya kujenga vyumba vya kupangisha pale Same mjini. Nilipomwambia kwamba balozi hakuwa anabanwa hivyo, akanijibu, "Nilijibana mwenyewe." Mwaka 1991 chama kilipokutana Zanzibar na kuyalegeza yale masharti, anasema alisikia redioni, akatoka nje akaenda kukata majani ya ng'ombe saa mbili usiku. Bibi ni shahidi. Ng'ombe walikuwa wameshakula.

Msidhani ni mzee wa kulilia zamani tu. Anayo hesabu yake, na ndiyo inayonifanya nikae kumsikiliza. Yeye hutazama chama kama anavyotazama ndiva, lile bwawa letu la udongo la kuhifadhia maji ya mfereji. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila mmoja kwa zamu yake. Likipasuka, kosa si la mvua. Kuna mtu hakutokea kwenye msaragambo, na kuna mwingine alimwona akanyamaza.

Basi mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, Babu alikuwa tayari amechomwa mara moja. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu, na asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja. Babu alikuwa miongoni mwa hao 80. Halafu Mwalimu Nyerere mwenyewe akawa upande wa wale 20! "Nilishinda nikashindwa," anasema. Nikamwuliza ilikuwaje akakubali. "Chama kiliamua kwenye kikao," akajibu. "Ukikubali kikao kikiamua unavyotaka, utakubali na kikiamua usivyotaka."

Mwaka 1995 Mrema alipotoka CCM akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi, Kilimanjaro iliwaka moto. Baba yangu, ambaye ndiye mtoto wake wa kwanza, alikwenda na Mrema. Babu na Baba hawakusemezana karibu miaka miwili, wakipitishiana maneno kwa Bibi: mwambie babaako jembe liko darini, mwambie mwanao nimeliona. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini jambo hili nimesimuliwa mara nyingi mpaka najiona nilikuwepo, nimekaa katikati yao na sahani.

Na mwaka 2015! Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu na nakumbuka mwenyewe. Kule Dodoma mwezi Julai, jina la Lowassa lilipokatwa, wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani naye, Mwenyekiti wa chama amekaa mbele yao. Babu aliweka kijiko chini. "Wanamwimbia mtu ndani ya kikao," akasema, kama mtu aliyeambiwa kuna maiti imeokotwa mferejini. Tarehe 28 Julai Lowassa akahamia CHADEMA. Oktoba, Kingunge Ngombale-Mwiru, mzee wa itikadi, mtu ambaye Babu alikuwa akimtaja kama wengine wanavyowataja mitume, naye akatangaza kuondoka CCM. Siku ile Babu hakula. Na uchaguzi ulipofika, jimbo letu la Same Mashariki likaenda CHADEMA: Naghenjwa Kaboyoka akamshinda Anne Kilango Malecela, aliyekuwa mbunge wetu tangu 2005.

Hapa niseme kidogo juu ya Mama Kilango, maana Babu na yeye ni hadithi nyingine. Mwaka 2005 alinung'unika mbunge kuwa mwanamke. Bibi akamkumbusha akina mama wa Usangi walivyomzingira bwana shauri wa Kizungu enzi za Mbiru, naye akanyamaza. Mwaka 2008, moto wa Richmond ulipokuwa umewaka bungeni, Kilango akawa miongoni mwa wabunge wa CCM waliosimama kupiga kelele juu ya ufisadi, yeye na akina Mwakyembe na Selelii. Babu alinuna. "Mambo ya chama husemwa kwenye kikao!" Huku anasema hivyo, mkono wake unaongeza sauti ya redio. Hata mwaka 2020 kiti kiliporudi kwa Kilango, hakuacha kulalamika na hakuacha kusikiliza.

Kushindwa kule kwa 2015 Babu hakuwalaumu CHADEMA. Alisema walifanya kazi yao. Aliilaumu michakato ya ndani, na hapa ndipo hesabu yake ilipo. Kura za maoni zikishaingiwa na fedha, anasema, mwenye kushinda hawezi kujua nani alimpenda na nani alimla. Aliyeshindwa hajui nani kamsaliti. Basi wote wawili wanaingia kwenye kampeni wakitazamana kwa pembe za macho, na balozi anayetakiwa kupita nyumba kwa nyumba anakaa anasubiri naye afikiwe. Chama kinashindwa kabla mpinzani hajapanda jukwaani. Hili alinieleza nikiwa na miaka kumi na sita. Nililielewa vizuri sana. Ndiyo maana nilichokifanya baadaye sina kisingizio nacho.

Mwaka 2020, mwezi wa saba, ilikuwa ni kama mafuriko. Kila aliyekuwa na suti alichukua fomu. Nchi nzima ilikuwa inacheka na ule msemo, wajumbe si watu wazuri, maana watu walikuwa wanawalisha wajumbe halafu wanaambulia kura moja, na hiyo yenyewe ni ya mke. Kwetu walijitokeza kadhaa kuomba udiwani. Mmoja wao, ambaye simtaji, alinikuta kwenye steshenari ya Same mjini naulizia bei ya kuchapa riwaya kwa kompyuta. Shilingi mia tano ukurasa. Nilikuwa na kurasa kama mia na themanini. Piga hesabu mwenyewe.

Alikuwa mtu mcheshi. Aliniuliza riwaya inahusu nini, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata nyumbani. Nikamsimulia hadi Mombasa. Akanunua soda. Mwisho akasema, "Wewe si ndiye mjukuu wa Balozi? Wewe unawajua wajumbe wote mpaka milango yao." Nikasema nawajua. Kesho yake akanipa bahasha kumi na tatu, kila moja na shilingi elfu kumi ndani na jina juu yake, na mimi akanipa elfu sitini zangu mkononi. "Siyo rushwa," akasema. "Ni nauli tu, wazee wanatoka mbali."

Niliposikia neno hilo nilijua. Babu alishanifundisha kwamba maneno haya hubadilishwa majina kila yanapokamatwa. Sheria ya mwaka 2000 iliyaita takrima, yakawa halali kabisa, mpaka Mahakama Kuu ilipoyafuta mwaka 2006. Nikajua, na nikazibeba. Nilipanda nazo mlima ndani ya mfuko wa tangawizi, na kwa siku mbili nikapita mlango kwa mlango. Shikamoo babu, marahaba mjukuu, nimetumwa nikuletee hii. Hakuna aliyekataa. Mmoja aliifungua mbele yangu, akazihesabu, noti mbili tu, akaniuliza kama hakuna ya mke wake.

Bahasha ya kumi na tatu ilikuwa imeandikwa "Mzee Balozi". Hiyo sikuitoa. Niliiweka ndani ya kaunta buku ya tatu, pale msichana wangu anapovuka mpaka wa Horohoro.

Usiku wa kuamkia siku ya kura, mzee mmoja mjumbe alipita nyumbani na tochi. Alikuwa na furaha. Akamwambia Babu mbele yetu wote, "Balozi, mjukuu wako amelelewa. Nauli ametufikishia mpaka mlangoni, hata sisi tulio bondeni." Babu akamshukuru. Akamsindikiza hadi kwenye njia, kama kawaida yake. Akarudi, akala, akanawa. Nilidhani hakuelewa. Bibi alikuwa ananitazama, na nilijua Bibi ameelewa.

"Ndugu Karani," Babu akasema. "Lete daftari la barua."

Nikaleta. Akaniambia niandike anuani ya Katibu wa Kata upande wa kushoto, halafu katikati, kwa herufi kubwa, nipige mstari: YAH: MJUKUU WANGU KUGAWA RUSHWA KWA WAJUMBE. Mkono ulikuwa unatetemeka, akanisubiri. Akasema kwa sauti ile ile anayosemea ada na michango ya misiba: "Mimi Balozi wa shina, mwanachama wa TANU tangu mwaka 1960 na wa CCM tangu 1977, natoa taarifa kwamba mjukuu wangu, ambaye ndiye karani wa shina langu, amegawa bahasha za fedha kwa wajumbe." Akatua. "Bahasha ngapi?"

"Kumi na mbili," nikasema.

"Andika kumi na mbili."

Bibi akaingia kati. "Mzee, unataka TAKUKURU wamchukue mtoto?" Babu hakumjibu. Akanitaka niandike majina ya wale kumi na wawili, mmoja mmoja, nami nikayaandika, na kila jina nilimwona anafumba macho kidogo. Walikuwa wazee wenzake. Wengine waliingia TANU pamoja. Mwisho akasema niandike kwamba yeye hana lawama kwa chama endapo kitamchukulia hatua kama mlezi wangu. Akaisaini kwa kupapasa. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, lile koti la kijani la vikao.

Sikulala. Nilikuwa nahesabu mambo ya kijinga, kwamba nikifungwa nitapewa karatasi au la.

Kura zilihesabiwa hadharani. Yule bwana aliyenituma alipata kura nne. Walikula kumi na wawili, wakampa nne! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wajumbe si watu wazuri, wajumbe si watu wazuri. Hata mimi ningecheka, kama nisingekuwa namtazama Babu, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono ndani ya koti. Nilimwona anasimama. Nilimwona anakaa tena.

Njiani tulipanda kimya. Tulipofika kwenye ndiva akataka kupumzika, tukakaa ukingoni. Akasema, "Nilitaka kuitoa. Nikahesabu. Ndani ya ile barua kuna wazee kumi na wawili, na wewe wa kumi na tatu. Nikashindwa." Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mwaka 1945 baba yangu alikwenda Same na wenzake kupinga kodi ya Mbiru. Maelfu. Walikaa pale bomani siku nyingi, wakilala nje, mpaka serikali ya Mwingereza ikaja kuiondoa ile kodi mwaka uliofuata. Nani alikuwa mgombea pale? Nani aligawa nauli? Mimi leo nimeshindwa kutembeza karatasi hatua sita."

Mimi, badala ya kuomba msamaha kama mtu mwenye akili, nikaanza kubishana. Nikamwambia wale wa Mbiru walikwenda kuwapinga wenye madaraka, na sasa wenye madaraka ni chama chake. Kama baba yake angekuwa hai angekaa upande gani wa boma? Mdomo wangu huu! Babu akachukua kijiti akaanza kuchokoa udongo kwenye ukingo. Ilichukua muda. "Ndiyo maana nakaa ndani," akasema mwisho. "Wa nje wakilia, wa ndani wanasema ni wivu. Mimi nikilia ndani hawana la kusema. Ila leo sikulia."

Barua aliitia kwenye kopo, chini ya kadi mbili.

Oktoba ile CCM ilishinda karibu majimbo yote nchini, wabunge wa upinzani waliochaguliwa majimboni wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Kule nyuma, mwezi Novemba 2019, serikali za mitaa zilikuwa zimekwenda karibu zote kwa CCM, wapinzani wakubwa wakiwa wamejitoa. Vijana wa chama kwetu walipiga ngoma. Babu alikwenda ngomani, akala pilau, akarudi mapema. Nilimwuliza kama hakufurahi. Akasema mwaka 2015 walipopoteza jimbo, angalau walikaa wakaulizana kosa liko wapi. "Sasa tutaulizana nini?" Nikataka kuliandika kwenye daftari la shina, akanikataza. Naliandika hapa.

Mwaka 2022, uchaguzi wa ndani ya chama ulipofika, hakuomba tena ubalozi. Alisema ni macho. Kila mtu aliamini ni macho. Aliyemrithi ni kijana wa bodaboda, mwepesi wa simu, mtu mzuri tu, na daftari la shina analiweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Kazi yangu ya ukarani ikaisha hapo hapo. Mwaka 2025 chama kiliongeza sana idadi ya wajumbe wanaopiga kura za maoni, ili mwenye fedha ashindwe kuwafikia wote. Kura zenyewe zikapigwa tarehe 4 Agosti. Nilimsomea Babu habari hiyo nikidhani atafurahi, maana ni kama walimsikia. Akafikiri. "Ni afadhali," akasema. "Ila bahasha inaweza kupunguzwa ikawa ndogo, ikatosha watu wengi."

Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, yalipotokea yale ya Dar na Arusha na Mwanza, na intaneti ikazimwa, sisi huku juu tulibaki na redio na uvumi wa watu waliopanda kutoka bondeni. Babu alisikiliza hadi jioni. Halafu akaizima, akatoka akakaa uani akielekea Mkomazi, ingawa najua haioni tena. Sikumwuliza kitu. Yeye ni msemaji, na siku ile hakusema.

Nilipoanza kuandika makala hii nilimwomba ruhusa. Akauliza kama ni riwaya. Nikasema hapana, ni kweli tupu. Akasema basi nimsomee nikimaliza, kama nilivyokuwa nikimsomea daftari. Wiki iliyopita nimemsomea, Bibi akiwa anachambua maharage pembeni. Alinisahihisha mahali pawili: koti si la kijani, ni la kaki, na ng'ombe mwaka 1991 walikuwa hawajala. Bibi akasema walikuwa wamekula. Nimeacha kama Bibi anavyosema, na koti nimeliacha la kijani kwa sababu mimi ndiye niliyeliona.

Halafu nikafika pale penye bahasha ya kumi na tatu. Hiyo hakuwahi kuijua. Miaka yote hii barua iliyomo kwenye kopo inasema kumi na mbili, na sahihi yake iko chini. Nilisoma haraka haraka. Akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Ilikuwa na jina langu?"

"Ndiyo, Babu. Mzee Balozi."

"Hela ulifanyia nini?"

Nikamwambia. Nilinunua kalamu, na kaunta buku ya tano, na nauli ya kwenda Same kuchukua kurasa sitini za mwanzo, ambazo ndizo tu zilizowahi kuchapwa. Alinyamaza muda mrefu, maharage yanaanguka kwenye ungo. Akamwambia Bibi alete kopo. Akapapasa kadi, akaitoa ile barua, akanipa.

"Ndugu Karani," akasema. "Futa kumi na mbili. Andika kumi na tatu, uweke na tarehe ya leo, nisaini upya."